Msiliandikishe bado

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku wazima, mguu wa mama umepungua uvimbe na sasa anatembea bila mkongojo. Wewe je, kichefuchefu kimekuachia? Ujumbe wako niliusoma siku ileile ulipouleta, nikakaa nao siku tisa bila kujibu. Sikukususa. Kila nikianza kuandika nafuta, maana jambo lenyewe si la kujibiwa kwa maneno mawili kwenye simu.

Umesema shemeji ameshakata shauri, akiwa wa kike ataitwa Laiki. Hadithi yenu naijua, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kando yako jioni ile uliposhtuka ukasema, "Kuna mtu ameilaiki picha yangu ya miaka mitatu nyuma!" Ulikuwa umeishika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha moto. Bila ule mguso mmoja wa kidole, mtoto huyu asingekuwa njiani. Hilo silipingi. Lakini jina, Rehema, jina ni kitu kingine.

Shemeji anataka jina ambalo hakuna mwingine analo. Mwambie lina mwenyewe tayari. Mwaka 2011 wazazi wawili nchini Israeli walimwita binti yao Like, kwa sababu ya kitufe hichohicho. Mwaka huohuo baba mmoja wa Misri akampa bintiye jina Facebook, kwa shukrani, jinsi mtandao ule ulivyowasaidia watu kuitana wakati wa mapinduzi. Huyo baba namwelewa kabisa. Alitaka siku ile isipotee. Ila tazama kilichofuata: kampuni yenyewe mwaka 2021 ikajiita Meta. Twitter nayo mwaka 2023 ikageuzwa X. Kampuni ikichoka na jina lake inalitupa. Mtoto yeye anabaki nalo kwenye cheti, kwenye daftari, kwenye kila foleni atakayoitwa. Jimbo la Sonora kule Mexico mwaka 2014 lilipiga marufuku majina 61 ili watoto wasichekwe shuleni, na Facebook na Twitter yalikuwemo.

Shuleni ndiko ninakoshinda mimi, ndiyo maana moyo umenienda mbio. Nina binti darasani, jina lake sitaliandika hapa, ni la programu ya simu iliyokuwa inavuma alipozaliwa. Leo wenzake hata hawaijui, wanajua tu kwamba jina linachekesha. Juzi nimegawa madaftari mapya. Akaandika jina lake juu ya jalada, akalitazama, akachukua kifutio. Alifuta mpaka karatasi ikawa nyembamba na kuchanika kidogo, kisha hapo juu ya tundu akaandika jina la bibi yake. Nilipoita majina nikamwita kwa lile la bibi. Aliitika kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Sijui kama nimekosea kwa mujibu wa taratibu za shule, lakini…

Na si majina ya ajabu tu. Alexa lilikuwa jina zuri la mtoto wa kike, la kawaida kabisa, mpaka Amazon ikakipa jina hilo kifaa chake cha kupokea amri kwa sauti. Uingereza wazazi wamesimulia mabinti zao wanavyoamrishwa na wenzao kama kile kifaa, na wapo waliolazimika kuwabadilishia majina. Wazazi hao hawakukosea lolote, intaneti iliwafuata. Sasa sisi tuifuate kwa miguu yetu?

Narudi kwa shemeji, maana sitaki adhani namdharau. Mwaka 2007 habari zilitoka China za wazazi waliotaka kumpa mtoto wao alama ya @ kuwa jina. Unajua kwa nini? Jinsi Wachina wanavyoitamka inakaribia maneno yao yenye maana ya "mpende". Niliposoma hapo nilinyamaza. Kumbe chini ya alama ile kulikuwa na neno, na neno lenyewe ni zuri kuliko alama. Nikajiuliza, na chini ya Laiki kuna nini? Shemeji alipoigusa picha yako alisema nini kama si kwamba amependa?

Basi muiteni Pendo. Hadithi yote imo humohumo, picha imo, kile kitufe kimo, na siku kitufe kikifutwa jina halipungui kitu. Tena atakuwa na wajina kila atakakokwenda. Mimi naona hiyo ni raha, kukutana na mtu mzima anayekuambia "njoo hapa, wajina wangu". Laiki atampata wapi mtu wa kumwambia hivyo? Na kama shemeji hataki kuliacha kabisa, awe anamwita hivyo nyumbani, liwe lao wawili.

Sasa nijibu. Wewe mwenyewe unalitaka hilo jina au umekubali ili nyumba itulie? Mama mkwe amesema nini? Na Zuhura, umemwambia? Akiwa wa kiume mmeshawaza, au huko nako kuna kitufe? Mwezi wa ngapi hasa, wa saba au umeingia wa nane? Unalala usiku?

Kile kishuka cha mtoto nimemaliza kutarizi kingo zote nne. Katikati nimeacha nafasi ya herufi tano. Laiki ni tano, Pendo ni tano, nimehesabu mara mbili. Uzi ninao, nasubiri neno lako.

Wako,
Mwanaidi