YAH: Kelele za shokapu mlizonifungia

Meneja,
Gereji na Duka la Spea,
Chake Chake, Pemba.

Assalaam alaykum,

Mwezi uliopita mlinifungia shokapu mbili mpya za mbele. Tangu hapo upande wa kulia unagonga "ko-ko-ko" kila nikiingia njia ya Vitongoji yenye vishimo. Kwenye lami nyoofu kimya kabisa. Kila nikirudi kwenu naambiwa, "Ni mpya hizo, zitazoea." Zizoee nini? Chuma kikishaanza kugonga chuma, hulana tu.

Kwa kuwa mnadai naisikia mimi peke yangu, nimepima. Nilifunga vioo, nikazima feni na redio, nikapita kipande kilekile kwa kilomita 30 kwa saa, simu ikiwa sakafuni kulia, kisha kushoto. Kulia kulizidi kwa desibeli 6 hivi, yaani nguvu ya sauti kama mara nne. Simu si kipimo cha maabara, na inaokota kelele za injini na tairi pia, ndiyo maana nikalinganisha upande na upande. Viwandani hufungwa kipima mtikisiko juu ya rodi ya shokapu, kile chuma kinachoingia na kutoka, maana mtikisiko huo ndio unaopanda kwenye bodi ukawa kelele. Hilo silitaki kwenu. Nilitaka mtu apande gari asikilize, basi.

Siku ya kufunga nilikuwapo. Fundi wenu alitoa shokapu kwenye boksi lililolazwa, akaifunga papo hapo. Shokapu ya mirija miwili ikilazwa, hewa huweza kuingia mrija wa ndani. Husimamishwa wima, ikasukumwa na kuvutwa mara kadhaa hadi iwe nzito sawasawa. Halafu akaibana rodi kwa koleo ili isizunguke akikaza nati. Mkwaruzo upo, ukipitisha ukucha unakwama, na mafuta yameshaanza kuvuja. Mpira wa juu alirudisha ule wa zamani uliopasuka, ilhali risiti yenu inaonyesha nimelipia mpya! Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Naomba mbadilishe shokapu ya kulia na mpira wake bila malipo, afunge fundi mwengine, kisha twende naye Vitongoji kabla sijaondoka na gari. Kama hamuwezi, nirudishieni pesa zangu. Nisipopata jibu ndani ya wiki mbili, nitapeleka risiti na picha za ule mkwaruzo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Wenu,
Mteja, Vitongoji