Thina Yako Inajiwasha kwa Joto Gani?

Mteja mmoja anayechanganya thina na vanishi pande za Barabara ya Lunga Lunga alitujia kwenye maabara yetu hapa Nairobi na karatasi ya usalama iliyoandikwa kwamba bidhaa yake hujiwasha kwenye nyuzi 465 za Selsiasi. Namba hiyo tuliitambua mara moja. Ni ya asetoni tupu. Ndani ya pipa lake asetoni ilikuwa theluthi tu, na kilichobaki kilikuwa viyeyusho vya jamii ya mafuta ya taa. Tulipoupima mchanganyiko wenyewe, ulishika moto kabla hatujafika nyuzi 300. Vyuma vya kupashia joto katika chumba chake cha kukaushia mbao vilikuwa vikipita joto hilo kila siku ya kazi.

Mteja huyo hakuwa mzembe. Alikuwa amepiga marufuku sigara, amebadilisha swichi, na mapipa yake yote yalikuwa na waya wa kuingia ardhini. Hatua hizo zote ni nzuri, na zote zinazuia cheche. Kujiwasha hakungoji cheche. Mvuke wa kemikali ukikutana na hewa yenye joto la kutosha, au ukigusa chuma chenye joto hilo, unawaka wenyewe.

Wengi huchanganya jambo hili na nukta ya mmweko, yaani joto ambalo kimiminika huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukiusogezea mwali. Hivi ni vipimo viwili tofauti, na mara nyingine vinapingana. Petroli humweka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji zaidi ya 50. Kwa hiyo kila mtu huogopa petroli. Lakini kwa kujiwasha mambo hugeuka: dizeli hujiwasha karibu nyuzi 210 hadi 250, na petroli kwa kawaida huhitaji zaidi. Muulize dereva yeyote wa lori, atakuambia injini yake haina plagi ya cheche. Hewa iliyobanwa hadi ikapata joto kali ndiyo inayowasha dizeli. Basi dizeli ikidondokea bomba la moshi la jenereta, usijifariji kwamba si petroli.

Kemikali nyingine ni hatari zaidi ya hapo. Etha hujiwasha kwenye nyuzi 160 hadi 180. Kaboni disalfaidi hujiwasha karibu nyuzi 90 hadi 100 tu, kiasi kwamba bomba la mvuke wa boila linatosha kuiwasha.

Kupima kwenyewe ni kazi ya subira. Tunatumia chupa ya kioo yenye tako la duara, ya mililita 500, iliyozamishwa ndani ya tanuri la umeme, na vipimajoto vimegusana nayo juu, kati na chini. Chupa ikishatulia kwenye joto tunalotaka, tunaingiza kwa bomba la sindano sehemu ya kumi ya mililita ya kemikali yako, tunazima taa, kisha tunatazama mdomo wa chupa kupitia kioo kilichoinamishwa juu yake. Giza linahitajika kwa sababu kuna miali hafifu ya samawati ambayo mwangani huioni kabisa. Tunasubiri hadi dakika 10. Ukiwaka, tunashusha joto, usipowaka, tunapandisha. Kati ya jaribio na jaribio tunapuliza hewa safi ndani ya chupa. Halafu tunarudia kwa kiasi kidogo zaidi na kikubwa zaidi, kwa maana tone moja linaweza kukataa pale ambapo matone mawili yanakubali. Joto la chini kabisa lililowasha ndilo tunaloliandika.

Sasa jambo ambalo maabara za pwani hazina haja ya kulifikiria. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hapa ni takriban kilopaskali 83, wakati Mombasa ni 101. Ndiyo maana maharagwe yanachelewa kuiva huku. Hewa ikiwa nyepesi, nukta ya mmweko hushuka, lakini joto la kujiwasha hupanda kidogo. Kwa hiyo bidhaa iliyopimwa hapa na kuhifadhiwa kwenye ghala la bandarini inaweza kujiwasha huko chini ya namba yetu. Ripoti zetu zote huandika kanieneo ya siku ile na ukubwa wa chupa, kwa sababu chombo kikubwa nacho hushusha joto la kujiwasha. Tangi lako si chupa ya nusu lita. Acha nafasi ya kutosha kati ya namba yetu na joto la mitambo yako, na sufi ya kufunikia mabomba ikilowa mafuta ibadilishe upesi, maana mafuta yaliyonywewa na sufi hushika moto kwenye joto la chini zaidi.

Namba hii ya kujiwasha pia ndiyo inayokuongoza kununua mota na pampu, ambazo hupangwa kwa madaraja ya joto. Mota ya daraja la T3 haipiti nyuzi 200 juu ya uso wake, ya T4 haipiti 135. Heksani, kiyeyusho kingine, hujiwasha karibu 225, hivyo T3 inatosha. Etha inataka T4.

Kama unauza kemikali moja iliyo safi, huenda huhitaji kutulipa: namba zake zimeshapimwa na tutakuonyesha bure. Anayehitaji kipimo ni mwenye mchanganyiko, mwenye kiyeyusho kilichorejelezwa, au aliyebadilisha msambazaji.

Tuletee nusu lita, kwenye chupa ya kioo au kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, na uandike viungo vyote unavyovijua. Chupa ya soda hatuipokei. Thina huyeyusha plastiki na kipimo kinaharibika. Na tafadhali usipande nayo matatu. Tupigie simu, gari letu litaifuata.