Malalamiko Kuhusu Kipakatalishi cha Gemu Kilichouzwa Bila Kutajwa Wati za Kadi Yake

Mombasa,
Oktoba 2024.

Kwa Meneja wa Mauzo na Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: KIPAKATALISHI CHENYE KADI YA GRAFIKI YA RTX 4060 ILIYOFUNGIWA KWENYE WATI 60

Ninawaandikia kuhusu kipakatalishi nilichonunua kwenu mwezi Agosti mwaka huu kwa shilingi 158,000, nikalipa kwa M-Pesa na kukipokea hapa Mombasa kikiwa kimetumwa kwa basi. Nambari ya risiti na nambari ya mashine zimo kwenye kiambatisho cha kwanza. Kabla sijaendelea ningependa jambo moja lieleweke, kwa sababu majibu yote niliyopewa hadi sasa yamelikwepa: sisemi kwamba mashine hii ni mbovu. Inawaka, inacheza, haizimiki ovyo, na kibodi yake ni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kutumia. Ninalolalamikia ni kwamba niliuliza swali moja kabla ya kulipa, nikajibiwa jambo lisilo kweli, na nikatoa pesa zangu kwa kuliamini jibu hilo.

Swali lenyewe lilihusu wati. Kwenye tangazo lenu mliandika RTX 4060, RAM ya GB 16, SSD ya GB 512 na skrini ya Hz 144, lakini hamkuandika kadi hiyo ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, imeruhusiwa kutumia umeme kiasi gani, wala hamkutaja nambari kamili ya modeli, ilhali mtengenezaji huyo huuza matoleo kadhaa chini ya jina moja, mengine ya wati 60 na mengine ya zaidi ya 100. Kwa hiyo nilimwandikia mhudumu wenu kwa WhatsApp nikamwuliza kadi imepewa wati ngapi. Alinijibu kwamba RTX 4060 zote ni sawa na kwamba hii ina nguvu zake zote. Mazungumzo hayo nimeyaambatisha jinsi yalivyo, pamoja na tarehe na saa.

Yeyote anayeuza mashine hizi anajua, au anapaswa kujua, kwamba si sawa. NVIDIA yenyewe, kampuni inayobuni kadi hizi, katika maelezo yake rasmi ya RTX 4060 ya vipakatalishi, inaonyesha kuwa kadi hiyo inaweza kupewa kati ya wati 35 na wati 115, na teknolojia yake ya Dynamic Boost huweza kuiongezea wati nyingine hadi 25 pale ambapo mtengenezaji ameruhusu na prosesa haina kazi nyingi. Chipu ni ile ile, yenye kora 3,072 za CUDA (vitengo vidogo vya kukokotoa) na kumbukumbu ya GB 8. Kinachotofautiana ni kikomo ambacho mtengenezaji wa kipakatalishi amekiandika ndani ya kadi, kulingana na unene wa mashine, ukubwa wa feni na uwezo wa chaja. Ni kama matatu mbili zenye injini moja, moja ikiwa imefungwa kidhibiti mwendo: zote mbili zinaweza kuuzwa kihalali, lakini anayenunua anastahili kuambiwa ni ipi iliyofungwa kabla hajatoa pesa, hasa akiwa ameuliza.

Yangu imefungiwa kwenye wati 60, na hilo si jambo la kukisia. Paneli ya NVIDIA, kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo, inaonyesha kikomo hicho. Amri ya nvidia-smi, ambayo huisoma hali ya kadi, inaonyesha vivyo hivyo. Na gemu ikiendelea, matumizi ya umeme hupanda hadi hapo na hayavuki. Hata chaja inatoa ushahidi, kwa kuwa ni ya wati 135, ilhali vipakatalishi vinavyoipa kadi hii wati zake zote, juu ya mahitaji ya prosesa na skrini, kwa kawaida huja na chaja kubwa na nzito zaidi, nyingi zikiwa za wati 200 na kuendelea.

Sitaki kutia chumvi. Nusu ya wati si nusu ya kasi, kwa maana chipu inaposukumwa kuelekea mwisho wa uwezo wake hula umeme mwingi kwa faida ndogo, na ndiyo sababu kadi ya wati 115 na ya wati 140 hukaribiana sana kwenye gemu nyingi. Lakini huku chini kwenye wati 60 kila wati inayoondolewa huonekana. Rafiki yangu anayeishi Likoni ana kipakatalishi cha mtengenezaji mwingine chenye kadi ya jina hilo hilo, iliyoruhusiwa wati 115. Tuliviweka mezani vyote viwili, vimechomekwa kwenye umeme, draiva (programu za kuendeshea kadi) za toleo moja, picha za 1080p kwa mpangilio mmoja, tukaendesha kipimo kilichomo ndani ya gemu ya Cyberpunk 2077, na changu kilibaki nyuma kwa zaidi ya robo kwa idadi ya fremu (picha) kwa sekunde. Najua prosesa zao si moja na sehemu ya tofauti huenda ilitoka huko; hata hivyo kipimo kile, kwa mpangilio wa juu wa picha, huilemea kadi zaidi kuliko prosesa, na kadi yangu muda wote ilikuwa imekaa kwenye kikomo chake.

Mchezo wangu hasa, hata hivyo, ni Tekken 8, uliotoka Januari 2024, na hapo ndipo hasara inaponiuma. Michezo ya kupigana haifanani na ile ya kuzurura mjini ukitazama mandhari. Katika Tekken kila kitu kimepimwa kwa fremu 60 kwa sekunde: ngumi ya haraka zaidi ya wahusika wengi hufika kwenye fremu ya 10, yaani takriban sehemu moja ya sita ya sekunde, na mchezaji mzoefu hujua kwa moyo ni pigo lipi likizuiwa linamwacha adui wazi kwa fremu 10, na lipi kwa 13 au 15. Vidole vilivyozoea hesabu hizo haviwezi kufanya kazi kwenye mashine inayoshuka ghafla hadi fremu arobaini na kitu kila cheche na moshi vinapojaa kwenye skrini. Kwenye gemu ya mbio za magari ningevumilia, macho yangezoea. Hapa pigo linatoka wakati usio wake, na anayecheza nami mtandaoni anaathirika pia bila kosa lolote. Ninaweza kushusha ubora wa picha, na ndivyo nifanyavyo sasa, lakini sikulipa shilingi 158,000 ili nirudi kwenye mpangilio wa chini niliouacha katika kipakatalishi changu cha zamani chenye kadi dhaifu zaidi ya GTX 1650.

Kuna suala la RAM, dogo kuliko hilo lakini la aina ile ile. GB 16 mlizotangaza zipo, ila zimo kwenye kijiti kimoja na nafasi ya pili iko tupu. Task Manager ya Windows inaonyesha wazi kuwa inatumika nafasi moja kati ya mbili. Vijiti viwili vya GB 8 vingeiwezesha prosesa kusoma kupitia njia mbili kwa wakati mmoja, na tofauti hiyo huonekana zaidi pale picha zinapokwama ghafla kuliko kwenye wastani wa fremu. Ningenunua kijiti cha pili mwenyewe, kwani kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa mwenye bisibisi. Lakini mmebandika stika juu ya skrubu mojawapo, yenye maneno kwamba ikichanika dhamana imekwisha, na mhudumu wenu akanieleza kuwa kuongeza RAM lazima kufanyike dukani kwenu Nairobi, kwa malipo.

Sasa nije kwenye majibu mliyonipa. Nilipolalamika kwa simu niliambiwa kwamba tatizo ni joto la Mombasa. Jibu hilo limenikera kuliko mengine yote, kwa sababu linaonekana kuwa na akili huku aliyelitoa hakupima chochote. Joto letu nalijua, na ndiyo maana jambo la kwanza nililopima ni halijoto. Nikicheza usiku, katika chumba chenye kiyoyozi, kadi haifiki hata nyuzi 70, feni zinavuma kwa upole, na wati ni 60 zile zile. Programu ya kupima huonyesha pia sababu inayoizuia kadi isiongeze kasi, na sababu iliyoandikwa ni kikomo cha umeme, si cha joto. Kadi iliyolemewa na joto huanza vizuri kisha ikazorota kadiri dakika zinavyosonga. Hii yangu imezuiwa tangu dakika ya kwanza. Pamoja na hayo mlinishauri ninunue kibao cha feni cha kuweka chini ya kipakatalishi, kutoka dukani kwenu, ili kuipoza kadi ambayo haijapata moto.

Ushauri uliofuata ulikuwa niwashe DLSS, teknolojia ya NVIDIA, katika hali yake inayozalisha fremu za ziada. Teknolojia hiyo, iliyokuja na kadi za RTX 40 mwaka 2022, ni nzuri mahali pake, na kwenye Cyberpunk 2077 ninaitumia. Ila fremu ya ziada hutengenezwa kwa kulinganisha fremu mbili za kweli, kwa hiyo mashine lazima isubiri ile ya pili ipatikane kabla ya kuonyesha ya katikati; picha inakuwa laini, lakini kitufe hakijibu upesi zaidi, na mara nyingi huchelewa kidogo kuliko mwanzo. Kumpa mchezaji wa Tekken ushauri huo ni kumwonyesha kwamba maelezo yake hayakusikilizwa.

Hatimaye mliniandikia kwamba kikomo kiliwekwa na mtengenezaji, si ninyi, na kwamba kwa kuwa mashine haina hitilafu haiwezi kurudishwa. Sehemu ya kwanza ni kweli na sijawahi kudai vingine. Lakini mtengenezaji ameandika wati hizo kwenye karatasi ya maelezo ya modeli hii, ambayo niliiona baada ya kupata nambari yake chini ya mashine. Ninyi mliinakili karatasi hiyo kwenye tangazo lenu hadi idadi ya matundu ya USB, mkauacha mstari huo mmoja. Wala hili si jambo geni katika biashara yenu. Mwaka 2021, baada ya malalamiko mengi kuhusu vipakatalishi vyenye kadi za RTX 30, NVIDIA ilizitaka kampuni zinazoviunda zitangaze wati za kadi badala ya kuwaachia wanunuzi jina tupu. Oktoba 2022 iliiondoa kadi yake ya RTX 4080 ya GB 12 kabla haijafika madukani, ikikiri kwamba haikupewa jina linaloifaa, kwa sababu kulikuwa na RTX 4080 nyingine ya GB 16 yenye uwezo tofauti. Kama NVIDIA, mwenye kadi mwenyewe, anakubali kwamba jina linaweza kumpotosha mnunuzi, muuzaji hawezi kusema kwamba jina linatosha.

Lingekuwa swali la ladha tu nisingewasumbua. Ningeambiwa ukweli ningekuwa na njia nyingine. Kuna vipakatalishi vya RTX 4050, kadi ya ngazi ya chini yake, vilivyoachiwa wati zaidi ya 90, vya bei nafuu kuliko hiki, ambavyo kwa fremu vinaweza kuikaribia 4060 iliyobanwa hivi, ingawa kumbukumbu yake ni GB 6. Ningeweza pia kuunda tarakilishi ya mezani, na kwa maoni yangu anayecheza nyumbani peke yake afanye hivyo, kwa kuwa pesa zile zile humpa mashine yenye nguvu zaidi na inayoweza kuongezwa vipuri baadaye. Mimi nilihitaji kipakatalishi kwa sababu wenzangu nami hukutana kucheza kwa zamu katika nyumba mbalimbali. Uamuzi huo wote uliegemea jibu la mhudumu wenu.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na pia taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa hizo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Kwa hiyo hoja kwamba mashine haina hitilafu haijibu malalamiko yangu.

Ninachoomba ni mnibadilishie kipakatalishi hiki kwa toleo ambalo kadi yake ya RTX 4060 imeruhusiwa wati 100 au zaidi, lenye vijiti viwili vya RAM. Iwapo toleo hilo lilikuwa na bei ya juu kwenye matangazo yenu ya mwezi Agosti, nitalipa tofauti hiyo, na si tofauti ya bei ya leo. Mkikosa mashine ya namna hiyo, nirudishiwe shilingi 158,000 pamoja na gharama ya kusafirisha, kwa njia ile ile niliyolipia. Vocha ya kununulia vitu vingine dukani kwenu sitaikubali. Naomba pia matangazo ya vipakatalishi vya gemu mlivyo navyo sasa yaongezwe wati za kadi na idadi ya vijiti vya RAM, kwani nimeyapitia wiki hii na mengi bado hayana.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitawasilisha malalamiko yangu kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya pamoja na viambatisho vyote. Mashine nitairudisha katika boksi lake pamoja na chaja, stika haijaguswa, na nitafuta data zangu mara tu mtakaponithibitishia jinsi ya kuirudisha. Naomba jibu lenu lije kwa maandishi, kupitia baruapepe iliyo kwenye risiti, wala si kwa simu.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Mombasa
(jina na saini vimo kwenye nakala ya karatasi)

Viambatisho: risiti na nambari ya mashine, mazungumzo ya WhatsApp, picha za tangazo lenu, picha za skrini zinazoonyesha kikomo cha wati, halijoto na nafasi za RAM, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji.