IMEI si mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaotengeneza programu za simu, na hasa wale wanaotupa kazi.

Mwaka 2018 nilitengeneza programu ya kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mwanza. Mwanachama hakuwa na haja ya namba ya siri. Programu ilisoma IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, zile tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#, ikamfungulia hesabu zake. Viongozi walifurahi.

Ikaja Android 10, toleo jipya la mfumo wa Google unaoendesha simu, mwaka 2019. Google ikazizuia programu za kawaida kusoma IMEI. Yangu iliandikwa kwa toleo la nyuma, kwa hiyo haikugoma: ilirudishiwa patupu, ikaendelea, na patupu ile ikaihesabu kuwa ni namba. Mama mmoja muuza dagaa akanunua simu mpya, akasajiliwa upya. Mwanachama wa pili alipofungua kwenye simu yake mpya, nayo ikasomeka patupu ileile, akakuta salio na mkopo wa mwenzake. Alinipigia usiku sauti ikimtetemeka: "Mwanangu, hela zangu ziko wapi?" Zilikuwepo. Ila deni la yule wa kwanza lilikuwa limeshajulikana, na hilo sikuweza kulifuta. Siku tatu nilikaa na katibu tukilinganisha na daftari la karatasi, jina kwa jina.

Onyo nililiona. Kila nilipofungua kazi ile, neno getDeviceId, amri ya kusoma IMEI, lilikuwa limepigwa mstari katikati, kuonyesha kwamba linaachwa. Nikalipita kwa sababu bado lilifanya kazi. Apple nao walitangaza kuiacha UDID, namba ya utambulisho ya vifaa vyao, mwaka 2011, na kuanzia Mei 1, 2013 wakawa wanakataa programu zinazoisoma.

Na hata bila Google, simu zetu huuzwa, huazimwa, hurithiwa. Anayenunua simu iliyotumika hanunui akiba ya mwenye nayo wa kwanza. Siku hizi programu yangu hujitungia namba yake ya nasibu inapowekwa kwenye simu, na mwanachama hutambulika kwa laini yake na namba ya siri. Akibadili simu, anathibitisha upya. Ni dakika mbili.

Mwezi uliopita ofisi moja ilinitaka nikusanye IMEI za wateja "kwa usalama", nitafute njia yoyote ya kuzipata. Nimeikataa kazi hiyo. Atakayeichukua, namsihi kwanza awaulize: mteja akiuza simu yake kesho, nani atafungua akaunti yake?

Mtengeneza programu,
Nyegezi, Mwanza