Muuzaji wa hedifoni ughaibuni tumpime kwa anwani yake, si kwa bei yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaojiandaa kuondoka nchini kwenda masomoni Ujerumani, pamoja na wazazi wanaowafungashia mizigo, kuhusu jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo: namna ya kumpata muuzaji wa kuaminika wa hedifoni katika nchi ambayo humjui mtu. Ninaandika kutoka Bayreuth, mji wa Bavaria ambao chuo kikuu chake kinafundisha Kiswahili, na ambako kila muhula wa Oktoba tunawapokea Watanzania na Wakenya wapya. Katika miaka minne niliyokaa hapa nimeona kwamba hedifoni ni miongoni mwa bidhaa za kwanza za thamani ambazo mgeni huzinunua kwa fedha yake mwenyewe, na pia miongoni mwa za kwanza anazotapeliwa nazo.

Asidhani mtu kuwa ni anasa. Kuta za vyumba vya wanafunzi ni nyembamba, na kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi jirani anatarajia kimya, naye hasiti kukugongea mlango kukidai. Mhadhara uliorekodiwa, somo la Kijerumani, maongezi na mama aliyeko Tanga, vyote hupitia masikioni. Mimi hupata riziki yangu kwa kunakili mahojiano ya Kiswahili, kazi ambayo bila hedifoni nzuri mtu anaweza kuandika “walikula” mahali ambapo mzee alisema “walikuja”.

Hedifoni niliyokuja nayo niliinunua Kariakoo. Muuzaji alifungua boksi mbele yangu, akaichomeka kwenye simu yake, akanichezea wimbo, tukapatana bei, kisha akaniandikia namba yake nyuma ya risiti. Risiti yenyewe ilikuwa na yale maneno tunayoyajua sote, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, lakini hayakunitisha, kwa kuwa nilijua kwamba kesho nikirudi nitamkuta pale pale, na asipokuwepo, jirani yake wa meza ya pili atanionyesha alikokwenda. Ndivyo tulivyolelewa kununua: tunamsoma mtu, hatusomi karatasi. Wala si ujuzi wa kudharauliwa, maana umetuokoa na feki nyingi. Tatizo ni kwamba ukifika ughaibuni na kukaa mbele ya kompyuta, mtu wa kumsoma hayupo.

Hedifoni ile ilikufa upande wa kushoto mwezi Novemba. Nikaingia intaneti nikakuta duka ambalo anwani yake ya tovuti inaishia na .de, alama ya Ujerumani, Kijerumani chake kimenyooka, picha zake safi, na hedifoni ambayo maduka mengine yalikuwa yakiiuza karibu euro 200, wao wanaiuza kwa euro 89. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda mabishano ya bei. Nilipofika mwisho wa fomu, njia zote za malipo zilizotangazwa mwanzoni zikawa hazipatikani, ikabaki moja tu: kutuma fedha kwa benki kabla ya mzigo kuondoka, utaratibu ambao Wajerumani huuita Vorkasse. Nikatuma. Hedifoni haikuja, barua pepe zangu zikaanza kurudi, na baada ya wiki tatu tovuti yenyewe ilikuwa imetoweka. Mfanyakazi wa benki alinieleza kwa upole kwamba fedha ambayo mwenye akaunti ameituma kwa mkono wake mwenyewe haivutwi ikarudi kirahisi, tofauti na ile ambayo muuzaji huruhusiwa kuikata kwenye akaunti, ambayo mteja anaweza kudai irejeshwe ndani ya wiki nane.

Nimeitafakari sana hasara ile, na sikubaliani na wenzangu walionicheka kwamba ilikuwa tamaa tu. Kariakoo bei ya chini ni tunda la kupatana, hivyo tukiiona tunaihesabu kuwa ni bahati au ni ufundi wa mnunuzi. Hapa bei imeshaandikwa, na imeshabeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19. Ukilinganisha hedifoni mpya ya aina moja kwenye tovuti ya kulinganisha bei kama idealo, mara nyingi utaona maduka yenye sifa yanapishana kwa euro chache tu. Duka moja ambalo hujawahi kulisikia likiwa chini ya wengine wote kwa nusu nzima, hiyo si bahati ya mnunuzi.

Kitu ambacho ningepaswa kukitazama kabla ya bei kiko chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo: neno Impressum. Sheria ya Ujerumani inamlazimu kila anayefanya biashara kwenye intaneti aandike pale jina lake kamili, mahali alipo kwa mtaa na namba ya nyumba, njia ya kumpata haraka, na kama ni kampuni iliyosajiliwa, namba yake ya usajili. Namba ya kodi ya mauzo ikiwapo, huanza na herufi DE na kufuatiwa na tarakimu 9. Rejista ya kampuni imekuwa wazi kwa kila mtu bila malipo kupitia intaneti tangu Agosti 2022, kwa hiyo dakika tano zinatosha kujua kama kampuni inayotajwa ipo. Nilipolitafuta duka langu, baada ya kuibiwa, anwani ilikuwa ya jengo la makazi na namba ya usajili ilikuwa ya kampuni ya watu wengine kabisa wasio na habari. Yule jirani wa meza ya pili ambaye Kariakoo angenielekeza, hapa ni rejista, na mimi sikumuuliza.

Wapo pia wa kukuulizia. Shirika la kutetea watumiaji, Verbraucherzentrale, lina ukurasa wa kukagua maduka bandia ambako unaandika anwani ya tovuti na kuoneshwa rangi nyekundu, njano au kijani, na ofisi zake ziko katika miji mingi. Nembo za uaminifu, kama ile ya Trusted Shops, zina maana endapo tu ukiibofya inakupeleka kwenye cheti cha duka hilo katika tovuti ya wenye nembo. Isipobofyeka, ni picha iliyobandikwa. Na ukitaka kujua hedifoni gani inafaa, taasisi ya Stiftung Warentest, iliyoanzishwa mwaka 1964, hununua bidhaa madukani kama mteja asiyejulikana na kuzipima, jambo linaloyapa maneno yake uzito kuliko sifa za wapita njia chini ya picha ya bidhaa.

Sasa niseme kuhusu majina makubwa, maana hapo ndipo wengi wetu tunapojiona salama. Tovuti ya Amazon, na siku hizi hata ya MediaMarkt, maduka makubwa ya vifaa vya umeme, ni soko ndani ya duka: chini ya nembo hiyo hiyo huuza mwenye duka na huuza pia wafanyabiashara wengine, baadhi yao wakiwa nje kabisa ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo haitoshi kusema “nimenunua kwa fulani”. Lazima usome mstari unaotaja nani anayeuza, ambao ni tofauti na mstari unaotaja nani anayesafirisha. Muuzaji akiwa nje ya Ulaya, haki ulizonazo kwenye karatasi ni ngumu kuzidai, na tangu Julai 2021 hata mzigo wa euro chache ulioagizwa kutoka nje hutozwa kodi ya mauzo, kwa hiyo ile nafuu ya bei mara nyingine huishia mikononi mwa forodha.

Haki zenyewe si ndogo, na ninaziandika hapa kwa urefu kwa sababu hakuna aliyenieleza nilipofika. Ukinunua kwa mbali, kwa intaneti au kwa simu, kutoka kwa mfanyabiashara, una siku 14 tangu kupokea mzigo za kubadili mawazo bila kutoa sababu yoyote. Ukinunua ana kwa ana dukani, haki hiyo ya kubadili mawazo haipo kisheria. Duka likikubali kurudishiwa kitu kizima kisicho na kasoro, limekufanyia hisani, na masharti ya hisani hiyo lazima uyaulize kabla ya kulipa. Tahadhari moja ni kwa hedifoni ndogo za kutumbukizwa ndani ya sikio: sheria inaruhusu bidhaa zilizofungwa kwa lakiri kwa sababu za usafi zisirudishwe zikishafunguliwa, na wapo wauzaji wanaojificha nyuma ya kifungu hicho, kwa hiyo soma masharti yao kabla ya kukata lakiri.

Bidhaa ikiwa na kasoro, hilo ni jambo jingine. Muuzaji, si mtengenezaji, ndiye anayewajibika kwa miaka 2, na katika miezi 12 ya kwanza inachukuliwa kuwa kasoro ilikuwepo tangu siku ulipokabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Mhudumu akikuambia “waandikie wenye kiwanda”, anajaribu kukupa waranti ya mtengenezaji, ambayo ni ahadi ya hiari, badala ya wajibu wake mwenyewe. Mwambie kwa adabu neno Gewährleistung, yaani wajibu huo wa muuzaji, hata ukilitamka vibaya. Kauli mbiu ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ya kudai risiti kila ununuapo nimeielewa vizuri zaidi nikiwa huku kuliko nilipokuwa nyumbani.

Hatimaye hedifoni yangu niliinunua kwa Thomann, duka la vyombo vya muziki lililoanzishwa mwaka 1954 katika kijiji cha Treppendorf, si mbali na Bamberg. Silitaji kwa kulipigia debe, bali kuonyesha sura ya muuzaji ninayemsema: anajulikana alipo, unaweza kupanda treni ukamwendee, anatoa siku 30 za kurudisha mahali ambapo sheria inamtaka siku 14, na waranti ya miaka 3 juu ya wajibu wa kisheria. Jambo jingine lililonivutia ni ukweli wa maelezo. Hedifoni ya DT 770 Pro ya kampuni ya beyerdynamic hutengenezwa katika matoleo ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 32, 80 na 250, na ile ya omu 250 ukiichomeka kwenye simu ya kawaida sauti yake huwa ndogo mno. Muuzaji mwaminifu huandika omu waziwazi ili usinunue usichoweza kukitumia. Muuzaji anayeandika jina tu na kuacha namba anakuachia wewe kubahatisha.

Kuhusu vitu vilivyokwisha kutumika, ambavyo kwa bajeti ya mwanafunzi havikwepeki, nina maneno machache. Muuzaji ambaye ni mtu binafsi anaruhusiwa kuukana ule wajibu wa kasoro, kwa hiyo kutana naye mahali pa watu, ijaribu hedifoni kwa simu yako, ndipo ulipe. Ukilipa kwa PayPal kwa njia ya kumtumia rafiki au ndugu, ulinzi wa mnunuzi haupo, na ndiyo maana tapeli husisitiza njia hiyo. Mwenzetu mmoja alinunua AirPods kwa mtu wa namna hiyo, akaiingiza namba ya boksi kwenye tovuti ya Apple ikakubali, akaridhika; kumbe waghushi hunakili namba halisi, na namba moja inaweza kuzunguka katika maboksi mengi.

Najua wapo wanaoshauri kijana anunue kila kitu kabla ya kupanda ndege, au Dubai anapobadilisha ndege. Ushauri huo unafaa kwa waya wa ziada, si kwa hedifoni ya bei kubwa. Waranti nyingi za watengenezaji hufungwa kwa nchi au kanda ambako kifaa kiliuzwa, na kukirudisha kwa posta kifaa chenye betri ya lithiamu kuna masharti yake ya usafirishaji wa anga. Kwa sababu hiyo hiyo, anayefikiria kununua Ujerumani ili amtumie mdogo wake Mbeya ajue kwamba kasoro ikitokea, safari ya kurudi kwa muuzaji itakuwa ndefu.

Ombi langu ni kwa wanaoandaa semina za kuwaaga wanafunzi, iwe ni wadhamini, vyuo au jumuiya zetu za huku. Semina niliyohudhuria ilitupa saa nzima juu ya makoti ya baridi. Nusu saa ya somo la kusoma Impressum, kumtambua muuzaji halisi na kukataa kutuma fedha mbele ingeniokolea euro 89, ambazo kwa mwezi ule zilikuwa chakula cha wiki mbili. Nawe Mhariri, kurasa zako za elimu zinazoorodhesha nafasi za ufadhili zinawafikia vijana hawa miezi kadhaa kabla hawajafungasha. Ukipata nafasi, wape na hili.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Bayreuth, Ujerumani