Menyu za tovuti zinatupoteza sisi, na Google nayo inapotea

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niongelee kitu ambacho wengi wanakiona kidogo, ila mimi kinaniuma kila siku kwa sababu ndio kazi yangu: menyu za tovuti. Yaani ule mstari wa maneno pale juu ya ukurasa, au vile vistari vitatu kwenye simu ambavyo ukivibonyeza ndio maneno yanashuka.

Juzi nilikuwa natafuta fomu ya maombi kwenye tovuti ya taasisi moja, sitaitaja jina. Menyu yake inasema Kuhusu Sisi, Dira na Dhamira, Idara, Rasilimali, Suluhisho. Sasa fomu iko wapi hapo? Nikaingia Idara nikakuta majina ya idara tisa, na mtu wa nje atajuaje fomu yake inakaa idara gani, nikarudi nikaingia Rasilimali nikakuta picha za mikutano, nikarudi tena. Mwisho fomu niliipata ndani ya tangazo la zamani, chini kabisa, na hakuna linki nyingine yoyote inayofika pale. Ukiwauliza watakwambia fomu ipo mtandaoni. Ni kweli ipo, lakini kuwepo na kufikika ni vitu viwili.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya kupanga menyu kwa hiyo najua inavyokuwaga. Kila mkuu wa kitengo anataka kitengo chake kionekane juu, mnabishana mpaka jioni, na mkitoka hapo menyu imekuwa mchoro wa ofisi. Mgeni hajaja kuangalia mchoro wa ofisi, kaja na shida yake, anataka kulipa, kuomba, kulalamika au kujua tu mnafungua saa ngapi, na neno analolitafuta kwa macho ni lile lililoko kichwani kwake sio lililoko kwenye barua zenu za ndani.

Dawa ninayoitumia ni vikaratasi. Andika jina la kila ukurasa kwenye kikaratasi chake, wape watu watano sita hivi wasiofanya kazi hapo kwenu, mmoja mmoja, waambie wavipange mafungu wanavyoona wao alafu kila fungu walipachike jina. Usiwaelekeze, kaa kimya uandike tu. Utashangaa vitu ulivyokuwa unaviweka mbalimbali wao wanaviweka pamoja, na majina wanayotoa ni mepesi kuliko yote yaliyotoka kikaoni. Kazi ya mchana mmoja na imeshaniokoa mara nyingi.

Sasa nije kwa Google, maana hapa ndipo watu wanakosea wakidhani kuna menyu ya binadamu alafu kuna "mambo ya SEO", yaani mbinu za kufanya tovuti ionekane kwenye matokeo ya kutafuta, ya kufanya pembeni. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998 wazo lao kubwa lilikuwa linki, kwamba ukurasa unaoelekezewa linki na kurasa nyingine zenye uzito nao unapata uzito. Siku hizi wanaangalia vitu vingi zaidi ya hapo, lakini roboti yao, yaani programu inayopita kusoma tovuti, bado inazunguka kwa kufuata linki kutoka ukurasa huu kwenda ule, na inasoma maneno yaliyoandikwa kwenye linki ili ielewe kule mbele kuna nini. Linki imeandikwa Suluhisho, itaelewa nini? Imeandikwa Bonyeza Hapa, itaelewa nini? Andika Fomu ya Maombi, mgeni kaelewa na roboti imeelewa, neno ni hilohilo moja.

Na linki iwe linki kweli. Niliwahi kukabidhiwa tovuti ambayo kila neno kwenye menyu lilikuwa boksi tu lililofungiwa javaskripti (lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa), ukibonyeza ukurasa unafunguka vizuri kabisa na hakuna mtu ofisini aliyeona kasoro. Lakini roboti haibonyezi vitu, inatafuta tagi ya a yenye href ndani yake (alama ya kwenye kodi inayotengeneza linki, na href ndio anwani inakoelekea), na humo haikuwepo hata moja, basi kurasa za ndani zilikuwa hazitokei kabisa kwenye matokeo ya kutafuta. Alafu kilichoniumiza zaidi, mtu asiyeweza kutumia mausi anayetembea na kitufe cha Tab alikuwa hafiki popote, na asiyeona anayetumia programu ya kusomewa skrini alikuwa haambiwi hata kwamba pale kuna linki. Kosa moja, watu wangapi wamefungiwa nje. Tulizirudisha zikawa linki za kawaida, tukazizungushia tagi ya nav ambayo HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, inayo (hiyo nav inamsaidia zaidi huyo anayesomewa skrini, inamwambia menyu inaanzia hapa), na kurasa zikaanza kuonekana.

Kuna wale wanaokata nusu ya menyu kwenye simu eti skrini ni ndogo. Google walitangaza toka 2016 kwamba wanahamia kusoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo ukikata linki huko umeikata kwa roboti pia. Na menyu za kufunguka ukipitisha mausi juu yake, kwenye simu mausi iko wapi? Kidole kinagusa, hakielei. Maneno nayo yasibanane, mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, ule wa kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, unataka kitu cha kugusa kiwe angalau pikseli 24 kwa 24, na mimi naona hata hiyo ni ndogo. Vile vistari vitatu vilichorwa na mbunifu Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, ni vya siku nyingi, lakini bado nakutana na watu wazima wasiojua ni kitufe. Andikeni neno Menyu pembeni yake, haligharimu kitu.

Kingine, watu wengi hawaingii kwa mlango wa mbele. Mtu katafuta, Google imemtupa ukurasa wa ndani kabisa, hajui yuko wapi. Ndio maana nasisitiza ile njia ndogo juu ya kichwa cha habari, Mwanzo, Huduma, Maombi, kila neno linki, na kwenye menyu pale alipo paonekane tofauti. Wanaosema ramani ya XML, yaani faili yenye orodha ya anwani za kurasa, inatosha, hapana, ile inaiambia roboti anwani zipo, faili moja inabeba mpaka anwani 50,000, lakini haimsaidii mgeni kitu na hata ukiandika humo ukurasa upi una uzito kuliko mwingine Google haikusikilizi.

Na ile sheria inayosema menyu isizidi vitu saba muiache. Mwanasaikolojia George Miller, anayesingiziwa sheria hiyo, mwaka 1956 aliandika juu ya vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika kichwani, menyu iko mbele ya macho haishikwi kichwani. Vikiwa tisa na vinaeleweka, sawa. Vikiwa mia na ishirini vimerundikana, hapo hakuna kilicho muhimu tena.

Mhariri, na nyie pia. Ukurasa huu wa barua kwenye tovuti yenu haupo kwenye menyu, nimeufikia kwa kutafuta Google, na chini ya habari zenu hakuna linki ya kuuendea. Naomba muuweke, na muuite Barua za Wasomaji, sio Jukwaa.

Msomaji wenu,
Mtengeneza tovuti