YAH: NG'OMBE WANGU KUKATWA KWATO MPAKA DAMU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Taratibu zenu mnazijua, sitawafundisha. Nasema tu alichofanya fundi wenu wa kukata kwato Jumanne ya wiki iliyopita bandani kwangu, hapa Tukuyu.

Urefu wa kwato kwa mbele alipima sentimita 7.5, sawa, sina neno. Kisha akageukia unyayo wa kwato ya nje, mguu wa nyuma kulia, akachonga, akachonga. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea kama parachichi lililoiva. Nikamwambia, "Mwanangu, acha hapo, pamebaki pembamba." Wala hakunitazama. "Mama, kazi yako kukamua, kwato niachie mimi." Akawasha grenda tena. Damu ikanirukia kwenye gambuti.

Na kibanio cha kumshikilia ng'ombe hakuja nacho! Subira alifungwa mguu kwa kamba kwenye nguzo ya banda, ng'ombe mwenye mimba ya miezi mitano.

Leo siku ya tisa, hakanyagi. Alikuwa akitoa lita 14 kwa siku, sasa 5, na hizo namwaga kwa sababu ya sindano anazochomwa. Daktari niliyemwita kwa fedha yangu amegundisha kibao kwenye kwato ya pili ya mguu huohuo, isiyo na kidonda, ili ile yenye kidonda isiguse sakafu. Fundi wenu alipoona damu alipaka mrututu, ile dawa ya bluu, akakusanya vifaa, akadai elfu 40. Nikampa. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

Narudia, msije mkasema hakujua: nilibonyeza mbele ya macho yake, pakabonyea. Nilisema acha. Alinisikia, kwa sababu alinijibu. Niachie mimi, alisema, na grenda mkononi.

Nilipanga kudai hiyo elfu 40 tu. Lakini juzi ofisini kwenu nimejibiwa kwa simu kwamba damu kidogo ni kawaida. Basi nataka elfu 40, gharama zote za daktari, na maziwa yote ninayomwaga mpaka Subira asimame. Akitupa mimba, mtanilipa ng'ombe. Na fundi huyo asiguse mnyama wa mtu mpaka afundishwe upya.

Nawapa siku 7. Zikipita, barua hii na picha za kwato nazipeleka Baraza la Veterinari, na wafugaji wote tunaopeleka maziwa pamoja watazijua.

Naomba kuwasilisha.

Mfugaji, Tukuyu, Rungwe